Picha Isiyo na Jina ni Nusu ya Picha

Kuna picha za rangi ya samawati iliyokoza ambazo siku hizi huuzwa kwa wingi ziwe mapambo ya ukutani. Katikati ya samawati hiyo hung'aa mmea mweupe wa baharini, mwembamba kama uzi au mpana kama utepe. Wauzaji huziita sanaa, nami sina ubishi na neno hilo. Ubishi wangu unahusu kitu ambacho baadhi ya wachapishaji hukikata kabla ya kuzitia katika fremu: mstari mmoja wa maandishi ulio chini ya mmea, wenye jina lake.

Picha hizo ni kazi ya Anna Atkins, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1799. Baba yake, John George Children, alikuwa mwanasayansi katika Makavazi ya Uingereza, naye bintiye alimchorea michoro ya makombe kwa ajili ya kitabu alichokitafsiri. Mwaka wa 1841 mtaalamu William Harvey alitoa kitabu cha kuainisha mwani wa Uingereza. Kitabu hicho kilikuwa na maelezo tele ila hakikuwa na picha. Atkins, aliyejua vyema taabu ya kuchora kwa usahihi vijimea vidogo mno, aliamua kuliziba pengo hilo. Alianza mwaka wa 1843, akamaliza mwaka wa 1853, akiwa ametengeneza picha karibu 400 za kitabu alichokiita Photographs of British Algae. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa fotografia.

Lugha yetu husema "kupiga picha", na mara msemo huo utajwapo akili zetu hukimbilia kamera. Atkins hakutumia kamera katika kazi hii. Alifuata mbinu iliyobuniwa mwaka wa 1842 na John Herschel, rafiki wa familia yao. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, ikakaushwa gizani. Mmea hulazwa juu yake, ukagandamizwa kwa kioo, kisha vyote vikaanikwa juani. Palipopigwa na jua hugeuka samawati, ilhali palipofunikwa na mmea chumvi huoshwa kwa maji pakabaki peupe. Wahandisi walikuja kuitumia mbinu iyo hiyo kunakili ramani za majengo.

Sisi wanaisimu hutofautisha ishara inayofanana na kitu na ishara iliyoachwa na kitu chenyewe. Mchoro wa mguu ni ishara ya kwanza. Unyayo mchangani ni ya pili. Picha za Atkins ni nyayo. Mwani wenyewe uliigusa karatasi, na ukubwa uonekanao ni ukubwa wake halisi. Lakini unyayo hausemi kila kitu. Mwani huwa wa kijani, wa kahawia au mwekundu, ilhali jua liliigeuza yote kuwa myeupe juu ya samawati. Anayetaka kujua rangi na tabia za mmea hana budi kulisoma jina, kisha alifuate hadi katika maelezo ya Harvey. Ndiyo maana Atkins aliliandika jina kwa mkono wake na kulichapa kwa jua lile lile, katika karatasi ile ile. Kulikata ni kuukata uzi unaoiunganisha picha na elimu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mwandishi mwenyewe alipatwa na hali hiyo. Katika dibaji alitia herufi mbili tu, A.A., na kwa muda watu walidhani zilimaanisha mwanagenzi asiyejulikana. Atkins alifariki mwaka wa 1871, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya herufi hizo kuunganishwa na jina lake hadharani. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Je, haya yatufaa nini sisi walimu na wanafunzi? Neno letu "mwani" hukusanya mimea mingi chini ya mwavuli mmoja. Hata hivyo, wakulima wa mwani wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, hutofautisha spinosamu na kotonii, kwa kuwa kila aina ina soko lake. Mahitaji ya kazi huzaa majina, na majina huhifadhi maarifa. Shule iliyo karibu na ufuo inaweza kuitumia mbinu ya Herschel kwa gharama ndogo. Jua na mwani haviagizwi ng'ambo. Mwalimu wa kemia, wa biolojia, wa sanaa na wa Kiswahili wangepata somo moja la pamoja, maadamu kila mwanafunzi aandike chini ya picha yake jina la kitaalamu pamoja na lile aliloambiwa na wavuvi au wakulima wa hapo.

Sipingi mtu kuupamba ukuta wake. Uzuri wa picha hizi ni halali yake, na Maktaba ya Umma ya New York, inayoihifadhi nakala iliyokuwa ya Herschel mwenyewe, imeziweka wazi kwa umma. Ninachoomba ni kwamba atundikaye picha aitundike nzima, ili mgeni akiuliza "Huu ni mmea gani, na ni kazi ya nani?" apate jibu.