Chanjo ya Mabinti Wetu: Dhamiri ya Mkristo Inasemaje?



Wapendwa wasomaji, mwezi huu tunazungumzia jambo lililowagawa wazazi wengi hapa Chalinze na vijijini kwetu, yaani chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa wasichana. Ikitangazwa kuwa wachanjaji watafika shuleni, wako wazazi wanaowahimiza mabinti zao wawahi, na wako wanaowabakiza nyumbani siku hiyo. Hawa wa pili wanawapenda watoto wao kama wale wa kwanza. Wanaogopa tu, na wengine wanasema ni imani yao ya Kikristo inayowakataza.

Sisi wauguzi hatuna ruhusa ya kuidharau hofu ya mzazi. Inatupasa kuijibu kwa ukweli. Kanisa linatufundisha kufuata dhamiri, na papo hapo linatudai tuielimishe dhamiri hiyo. Dhamiri iliyolishwa uvumi haiwezi kuamua vema. Basi tuyachukue maswali moja baada ya jingine.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Saratani hii huanza kwenye mlango wa kizazi, na karibu mara zote husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliyegundua jambo hili alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi huenea hasa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani, na mwili huviondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa baadhi ya wanawake hubaki, na baada ya miaka 15 hadi 20 huweza kuzaa saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo hatarini takribani mara sita zaidi, na kwake ugonjwa huweza kwenda kasi.

Hapa Tanzania zaidi ya wanawake 10,000 hupata saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitali wamechelewa, damu ikitoka ovyo na maumivu ya kiuno yamezidi. Hapo safari ni ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya mionzi, na watoto nyumbani wanabaki na bibi yao.

Chanjo inakinga kwa kiasi gani? Nchini Sweden, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wasichana waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipungukiwa na saratani hii kwa asilimia 88. Kule Scotland, taarifa ya mwaka 2024 ilisema kuwa kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakuonekana hata mmoja aliyepata saratani hii iliyokwisha kupenya.

Je, chanjo hii inafunga kizazi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na lina historia yake. Mwaka 2014, katika nchi jirani ya Kenya, Maaskofu Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Walisema sampuli walizopeleka maabara zimeonekana kuwa na homoni ya ujauzito iitwayo hCG. Wasiwasi wao ulikuwa na chanzo, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 watafiti, hasa nchini India, walijaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha homoni hiyo na chanjo ya pepopunda. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Walisema vipimo vilivyotumika vimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu, wala havifai kupima dawa iliyo ndani ya chupa. Ubishi ule haukumalizika kwa pande zote kukubaliana.

Kutoka Kenya tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kuuliza ni haki. Maaskofu wakiuliza juu ya kitu kinachoingizwa mwilini mwa waamini wao, wanafanya kazi ya mchungaji. Pili, ubishi wa chanjo moja hauhukumu chanjo nyingine. Chanjo ya HPV si ya pepopunda, na inachunguzwa kwa ushahidi wake yenyewe.

Ushahidi huo upo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wasichana na wanawake vijana karibu 200,000. Hawakukuta kuwa chanjo ya HPV inaongeza hatari ya mayai ya uzazi kukoma mapema. Tukumbuke pia kwamba saratani yenyewe ndiyo inayoharibu kizazi. Mwanamke kijana akitibiwa kwa kuondolewa kizazi, au kwa mionzi ya nyonga, tumaini lake la kubeba mimba limekwisha.

Je, imetokana na mimba zilizotolewa?

Swali hili ni zito kwa Mkatoliki, kwa sababu Kanisa linatetea uhai tangu kutungwa mimba. Ni kweli kwamba ziko chanjo, kwa mfano baadhi ya zile za rubela, zinazokuzwa katika seli ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa miaka ya 1960. Roma imelishughulikia jambo hili mara kadhaa. Tarehe 21 Desemba 2020, Idara ya Mafundisho ya Imani ilieleza juu ya chanjo za UVIKO-19 kwamba, pale isipopatikana chanjo nyingine isiyo na dosari hiyo, mwamini anaweza kuitumia bila kushiriki katika dhambi ile, akiendelea kudai zitengenezwe njia safi.

Kwa chanjo ya HPV hatuhitaji hata kufika huko. Haikuzwi katika seli za namna hiyo. Kutegemea kiwanda, hutengenezwa kwa hamira, kwa bakteria au kwa seli za wadudu. Ndani yake hamna kirusi kizima, limo ganda lake tu, ambalo haliwezi kumwambukiza mtu. Hapa dhamiri ya Mkatoliki haina kizuizi.

Je, haifungui mlango wa uasherati?

Wako wazazi wanaosema, "Binti yangu ni mtoto, nikimpeleka ni kama nimempa ruhusa." Tunaelewa uchungu wa neno hilo. Lakini tumwangalie mtoto mchanga. Kila mama wa Chalinze anampeleka kliniki apate chanjo ya penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ndani ya penta mna kinga ya homa ya ini B, ugonjwa ambao nao huenea kwa kujamiiana, pamoja na njia nyingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kichanga kimepewa ruhusa.

Tuwafikirie pia hawa wawili. Wa kwanza ni msichana anayejitunza hadi siku ya ndoa, akaolewa kanisani na mume aliyevibeba virusi kutoka maisha yake ya zamani bila kujua. Wa pili ni binti aliyefanyiwa ukatili wa kubakwa. Wote wawili hawana kosa, na kirusi hakiulizi nani amekosa. Msamaria Mwema naye hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita njia ile.

Usafi wa moyo unafundishwa nyumbani, kanisani na kwa somo anayemfunda mwali. Kazi hiyo ni yetu wazazi, na sindano haiwezi kuifanya wala kuivunja. Binti aliyechanjwa bado anahitaji kuambiwa thamani ya mwili wake, hasa hapa kwetu penye njia panda, mabasi na malori usiku na mchana.

Je, tunafanyiwa majaribio?

Wazazi wa upande wetu wanajua jaribio la kweli lilivyo. Kuanzia mwaka 2009, kituo cha Bagamoyo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilishiriki katika utafiti wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika kwa watoto zaidi ya 15,000. Mzazi alielezwa kwanza, akakubali kwa sahihi au kidole gumba, na alikuwa na haki ya kujitoa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Chanjo ya HPV imekwisha kupita hatua hiyo. Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulisaidia kuonyesha kuwa dozi moja hujenga kinga ya kutosha, na mwaka 2024 nchi yetu ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo.

Hata hivyo, kuelezwa kabla ya kuchanjwa kunabaki kuwa haki. Ile barua ya Roma ya mwaka 2020 ilisema pia kuwa chanjo, kwa kawaida, iwe ya hiari. Binadamu hatendewi kama mzigo, awe mtoto au mtu mzima. Muuguzi anayechanja kwa kuficha au kwa vitisho anaivunja heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hata kama dawa yake ni njema.

Tufanye nini basi?

Mzazi, usimfiche binti. Fika zahanati au kituo cha afya kabla ya siku ya chanjo, ukaulize. Sema kama mtoto amewahi kudhurika baada ya chanjo nyingine, au kama kuna uwezekano kuwa ana mimba, kwa maana mjamzito husubiri. Baada ya sindano aketi dakika 15, kwani wengine huona kizunguzungu. Mkono kuuma, homa ndogo na kichwa kuuma ni mambo ya siku chache.

Nawe mama mwenye miaka 30 hadi 50, chanjo hii haikulengwa kwako, lakini kipimo kipo. Mlango wa kizazi hupakwa siki maalumu na kuangaliwa, kazi ya dakika chache. Likionekana doa la mwanzo, hutibiwa kabla halijawa saratani. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usingoje umri wala mwezi ujao.

Hofu ya mzazi ni sehemu ya upendo wake. Tunaomba aje nayo kliniki, aulize yote, kisha aamue akiwa anajua. Mungu awalinde mabinti wetu.