Sarafu Adimu Huzaliwa Kiwandani

Katika chenji inayozunguka Mwanza, kuanzia mwalo wa Kirumba hadi mikononi mwa makonda wa daladala, hazikosekani sarafu zenye sura ya ajabu: shilingi 100 iliyopoteza unjano wake, au senti ya zamani yenye tundu iliyochomoka kwenye kibubu cha bibi. Ikionekana tu, watu huvumishiana kwamba ni adimu na ina mamilioni. Lakini ajabu peke yake haina bei. Cha kuuliza kwanza ni lini kasoro ilitokea: sarafu ikiwa bado kiwandani, au ilipokwisha kuingia mikononi mwa watu? Kasoro ya kiwandani ndiyo inayosakwa na wakusanyaji. Ya mitaani ni uchakavu. Ukiwa na sumaku, mizani ya sonara na kioo cha kukuzia, mara nyingi utazitofautisha.

Tuanze na hiyo shilingi 100, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba ya njano, ndiyo maana hunaswa na sumaku. Msuguano, jasho na maji ya samaki hulila tabaka hilo, kuanzia sehemu zilizoinuka kama nywele na shavu. Chungulia kwa kioo kati ya herufi: unjano ukiwa umebaki kwenye vibonde huku juu kukiwa na kijivu, hiyo imechakaa. Ikiwa ni kijivu kote na herufi bado ni kali, yawezekana haikupakwa. Hata hapo usiharakishe, kwani tindikali pia hubandua tabaka, ila huacha uso uliofubaa na herufi zilizolika. Senti zenye tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki nazo zina kipimo chake. Tundu lilitobolewa kabla ya chapa kugongwa, hivyo michoro ililizunguka bila kukatwa. Tundu linalopasua herufi lilitobolewa baadaye, pengine ili sarafu ivaliwe shingoni.

Wapo watakaosema kwamba umri pekee unatosha kuipa sarafu thamani. Senti 5 na 10 za mwaka 1936 zinawajibu. Nyingi zina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala chini ya mwaka mmoja, bila sura yake, maana katikati pana tundu. Mfalme alipita upesi, lakini sarafu zilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo nyingi ni rahisi hadi leo. Kinyume chake ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa wameziba njia za bahari, na Wajerumani waliotawala hapa wakajigongea sarafu katika karakana ya reli. Sarafu za heller 20 za huko zinatofautiana kwa ukubwa wa taji na umbo la herufi L, kwa kuwa muhuri wa kugongea uliotumika haukuwa mmoja. Kwa hiyo heller mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa na bei mbili, kutegemea muhuri na hali ya sarafu yenyewe.

Hali hiyo nayo ina kipimo. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alibuni mizani ya 1 hadi 70 kwa senti za shaba za kwao, na mizani hiyo ndiyo inayotumika zaidi leo. Kinachoangaliwa ni kiasi cha michoro kilichobaki na mng'ao wa awali wa uso. Huenda mtu akadai kwamba kuisugua sarafu kwa majivu au limau kutaipandisha daraja, kwa kuwa itang'aa. La. Mng'ao wa asili hutokana na mistari midogo mno inayoachwa na metali inapotawanyika chini ya muhuri. Ukisugua unaifuta na kuacha mikwaruzo, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kwa hiyo ukipata sarafu usiyoielewa, ishike kwa kingo, usiisafishe, ipime, kisha ilinganishe na nyingine ya thamani na mwaka uleule. Na akija mtu kukutajia mamilioni kabla hajaipima wala kuigeuza upande wa pili, usimpe sarafu wala pesa.