Kigango Kimo Sebuleni, Mzee Yuko Mbioni

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa bwana mmoja jijini Nairobi, mtu msomi, mkarimu na mpenda sanaa. Sebuleni mwake, baina ya runinga na kabati la vitabu, kilisimama kigango kirefu kupita kimo changu, kimechongwa pembetatu mwili mzima, na juu kina kichwa cha mviringo. Mgeni mmoja alipoingia alivua kofia, akaitundika juu ya kichwa hicho. Watu wakacheka. Mwenyeji wetu naye akacheka, kisha akatueleza kuwa alikinunua katika duka la vinyago. Hakujua kilitoka wapi, wala kilichongwa kwa ajili ya nani.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno. Ukimya wangu huo umenisumbua tangu siku ile, na makala haya ni jaribio la kuyasema niliyopaswa kuyasema pale pale.

Kigango si kinyago. Miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Mijikenda, kigango ni nguzo inayosimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kikishasimikwa, hapo ndipo makao yake. Watu wakihama, chenyewe hakihami. Kikiliwa na mchwa, huachwa kiliwe. Desturi hiyo ya heshima ndiyo iliyowafaa wezi. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viling'olewa katika mahame, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, hata vikajaa katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyokuwa vimeibwa mwaka 1985 vilirudishwa nyumbani. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho mjini Denver lilitangaza kuwa litarejesha vingine 30.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu mambo haya, mmoja wao aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, sisi ni watu wa kompyuta na benki. Mti uliochongwa unatuhusu nini?"

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu, nalo lastahili jibu. Kosa letu ni kudhani kwamba kisasili, yaani hadithi ya asili inayoaminiwa na jamii, hupimwa kwa kipimo kimoja tu: je, mambo hayo yalitokea au hayakutokea? Chukua mfano wa Singwaya. Masimulizi ya Mijikenda yasema kwamba wahenga wao waliishi kaskazini, mahali paitwapo Singwaya, wakafukuzwa, wakateremka kusini na kujenga kaya zao ndani ya misitu. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu safari hiyo, na wengine hawaisadiki. Sisi wa isimu twaweza kuthibitisha jambo moja tu: kwamba Kiswahili, Kipokomo, Kikomoro na lugha za Mijikenda ni ndugu wa tumbo moja, katika kundi tuliitalo Sabaki. Undugu wa lugha wathibitisha kuwa palikuwa na asili moja. Hauthibitishi kila hatua ya safari.

Lakini hata tukikubali kwamba safari hiyo haikuwa kama inavyosimuliwa, kisasili hicho kimefanya kazi kubwa. Watu hao waliwahi kuitwa Wanyika, jina la dharau walilopewa na watu wa mijini. Katika miaka ya 1940 wenyewe walijitwalia jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Kilichowawezesha Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama na wenzao kujihesabu kuwa watu wamoja ni ile hadithi ya kutoka mahali pamoja. Hadithi iliwapa undugu, na undugu ukawapa wajibu: kusaidiana, kuilinda misitu, kuwasikiliza wazee. Ikiwa misitu ya kaya ilipata kuingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ni kwa sababu palikuwa na mwiko wa kukata miti yake muda mrefu kabla ya kuwapo idara yoyote ya misitu.

Hapo ndipo maana ya ishara ilipo. Ishara haiishi ndani ya mti, bali ndani ya wajibu ambao mti huo unawakumbusha watu. Ukiung'oa wajibu, hutokea jambo moja kati ya mawili: ama ishara hugeuka pambo, ama hugeuka silaha. Kile kigango cha sebuleni kilikuwa kimegeuka pambo. Hilo ni la kusikitisha, lakini halimwagi damu. La pili linamwaga.

Nazungumzia mvi. Zamani mvi zilikuwa ishara ya busara, na wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Leo, katika sehemu za Kaunti ya Kilifi, mvi zimegeuzwa ushahidi wa uchawi. Kwa miaka mingi sasa tumesoma habari za wazee, wake kwa waume, waliokatwakatwa usiku au kulazimika kuyakimbia maboma yao, wakishtakiwa na watoto na wajukuu wao wenyewe. Ukichunguza, mara nyingi utakuta shamba nyuma ya tuhuma hizo. Kijana anataka kuuza ardhi, mzee anakataa. Mtoto wa jirani anaugua homa, na mara jina la mzee linatajwa.

Wapo watakaosema: haya ndiyo matunda ya mila za kale, basi na tuzizike. La hasha! Mila za kale zilitenganisha waziwazi kati ya mganga na mchawi. Tena tuhuma ilikuwa na njia yake ya kusikizwa mbele ya wazee wa kaya, nao hawakumkabidhi mtuhumiwa kwa vijana wenye mapanga. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyovunja nguvu za mabaraza hayo, kisha mwaka 1925 ikatunga sheria ya uchawi isiyoeleza uchawi wenyewe ni kitu gani. Hofu ikabaki, chombo cha kuituliza kikatoweka. Kijana anayeshika panga leo hafuati mila; ameshika kipande kimoja cha mila na kuyatupa mengine yote.

Mtazame Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mwanamke huyo mjane, aliyekwisha kula chumvi nyingi, aliwaapisha Wagiriama huko Kaya Fungo wasiwatumikie Waingereza. Waingereza wakaiogopa kaya hiyo kiasi cha kuilipua kwa baruti mwaka 1914. Leo ana sanamu mjini Malindi, na watoto wetu hulikariri jina lake shuleni. Nauliza: laiti angekuwa hai leo, ajuza mjane, mkali wa maneno, ajuaye viapo na asiyekubali ardhi iuzwe, je, angefikisha mwaka salama? Naogopa kulijibu swali hilo. Twajenga sanamu ya mwanamke ambaye huenda tungemfukuza kijijini.

Basi jibu langu kwa yule mwanafunzi ni hili. Neno kaya tunalisikia zaidi siku hizi wakati wa sensa, karani anapobisha hodi na kuuliza mkuu wa kaya ni nani. Ndilo neno lile lile la msituni. Maana yake si idadi ya watu wanaokula chungu kimoja tu, bali pia ni mahali ambapo kila aliyemo analindwa, kuanzia mtoto mchanga hadi mkongwe. Anayeirithi kaya huurithi na ulinzi huo. Hawezi kulitwaa shamba na kumwacha mzee.

Na mwenyeji wangu wa jioni ile, kama anasoma makala haya, namwomba radhi kwa kuchelewa. Bwana, ile nguzo iliyomo sebuleni mwako ni baba wa watu. Makumbusho ya Taifa yataweza kukusaidia kutafuta kwao. Kwa sasa, tafadhali iondoe ile kofia.