Umehamia Japani na mtoto wa miaka miwili? Wikendi ndiyo darasa lako la Kiswahili

Ukitazama picha za Wakenya wanaoishi Japani mitandaoni, utadhani wikendi yao ni maua ya sakura na treni za kasi tu. Baba kavaa miwani ya jua, mama kashika kahawa, mtoi anacheka kwenye kigari chake. Unabonyeza kidole gumba, unaendelea na mambo yako. Picha haikuambii kwamba kwa mzazi aliyehama na mtoto mdogo, Jumamosi na Jumapili ndizo siku mbili pekee ambazo mtoto huyo anakuwa wake mchana kutwa.

Hebu piga hesabu. Tuseme umepata kazi au ufadhili wa masomo Tokyo, ukaenda na mwenzako na mtoto wenu wa miaka miwili. Jumatatu hadi Ijumaa mtoto anashinda hoikuen, yaani kituo cha kulea watoto wakati wazazi wako kazini. Huko anasalimiwa kwa Kijapani, anaimba kwa Kijapani, hata akilia anabembelezwa kwa Kijapani. Jioni unamchukua, anaoga, anakula, analala. Kiswahili alichosikia siku nzima ni "njoo", "kula" na "lala".

Baada ya miezi michache anaanza kukuambia "dakko!" akitaka umbebe, na "iya!" akikataa kitu. Wajapani wameupa umri huu wa ukaidi jina kabisa, iyaiya-ki, kile kipindi cha "sitaki, sitaki". Utacheka mwanzoni, kwa sababu kweli inachekesha. Halafu siku moja nyanya yake anapiga simu ya video kutoka kijijini, anamuuliza mjukuu amekula nini, na mjukuu anamjibu kwa lugha ambayo nyanya hajawahi kuisikia. Hapo kicheko kinapungua.

Kwa hivyo nikikuorodheshea sehemu za kwenda, usidhani nakuuzia utalii. Nakuonyesha mahali pa kupata saa nane au kumi za kuongea na mtoto wako.

Tuanze na usafiri, maana ndio unaotutisha wengi. Kwenye treni za JR, mtoto ambaye hajatimiza miaka sita halipi nauli, na mtu mzima mmoja anaweza kuwa na watoto wawili wa umri huo bure. Lifti ziko stesheni nyingi. Tangu 2014, wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo ilitoa mwongozo na alama maalumu kueleza kwamba unaweza kuingia na kigari cha mtoto kwenye treni bila kukikunja. Kabla ya hapo watu walibishana sana kuhusu jambo hilo, na hata leo asubuhi ya siku ya kazi huwezi kulijaribu kirahisi, kwa jinsi mabehewa yanavyojaa. Jumamosi saa nne hivi nafasi iko.

Ndani ya treni ni kimya. Watu hawapokei simu. Mtoto wako akitaka kusimama kwenye kiti atazame nje dirishani, mvue viatu kwanza, ndivyo wenyeji wanavyofanya ili kiti kisichafuke. Akianza kulia, usitoe jasho. Shuka stesheni inayofuata, mbembeleze, panda nyingine. Mjini Tokyo treni zinafuatana baada ya dakika chache tu, hakuna kungoja ijae kama stejini.

Na kama mtoto ni wa kupenda treni, wengi wa umri huo wanapenda, huhitaji hata kupanda. Karibu na stesheni ya Nippori kuna daraja lililojengewa kibaraza cha kutazamia reli. Chini yake zinapita treni za kila rangi, zikiwemo Shinkansen, treni za kasi ambazo Japani ilizianzisha mwaka 1964. Hulipi chochote. Hapo una somo zima mkononi: treni hii ni ya kijani, ile ni ndefu, hii inakwenda mbio, ile imesimama, ngapi zimepita? Hoikuen walimfundisha ichi, ni, san. Wewe unamfundisha moja, mbili, tatu. Tena una bahati, kwa sababu Kijapani kinafanana na Kiswahili katika jambo moja: silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ulimi wa mtoto hauteseki kuhama kutoka "densha" kwenda "treni".

Ukitaka wanyama, nenda bustani ya Ueno. Ilifunguliwa mwaka 1882, ndiyo kongwe zaidi nchini humo. Mtu mzima analipa yeni 600, kama shilingi mia tano hivi za Kenya, na mtoto mdogo anaingia bure. Kuna kitu kinachekesha kidogo kumwonyesha mtoto wa Mkenya twiga akiwa Tokyo, lakini fanya hivyo. Mwambie huyu ni twiga, kwao ni kwetu.

Ukitaka nafasi ya kukimbia, panda treni hadi Tachikawa, magharibi mwa Tokyo. Huko kuna bustani ya Showa Kinen, iliyofunguliwa 1983 mahali palipokuwa na kambi ya ndege za kijeshi za Marekani. Mtu mzima ni yeni 450, mtoto bure. Kuna uwanja mpana wa nyasi, baiskeli za kukodi, na vilima vyeupe vilivyojazwa hewa ambavyo watoto wanaruka juu yake hadi wachoke. Mtoto aliyechoka vizuri anakuachia jioni yako.

Lakini si lazima kila wikendi ulipe kiingilio. Mitaani kuna jidokan, nyumba za watoto zinazoendeshwa na serikali za mitaa, ambazo zimo kwenye sheria ya ustawi wa watoto ya mwaka 1947. Unaingia, unavua viatu, unaandika jina la mtoto, na ndani kuna vitu vya kuchezea, vitabu na wazazi wengine. Kwa kawaida ni bure. Angalia tu siku wanazofunga. Mvua za Juni zikianza, au joto la Agosti likipita nyuzi 35, utaishukuru hiyo nyumba kuliko bustani yoyote.

Halafu kuna mambo madogo ambayo yatakushangaza. Vyoo vingi vya umma vina kiti kidogo ukutani cha kumkalisha mtoto wakati wewe unajisaidia, jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kwenda haja na mtoto mapajani atalielewa. Maduka makubwa yana vyumba vya kunyonyeshea na kubadilishia nepi. Ila mapipa ya taka barabarani ni machache mno. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Kwa hivyo nepi iliyotumika mnarudi nayo nyumbani ndani ya mkoba. Beba mifuko inayofungwa vizuri, utanishukuru.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize. Haya yote niliyokutajia, lifti, kiti cha chooni, treni ya bure, ni vitu. Nchi ile imejipanga kumsaidia mzazi kwa vitu, na imefanya hivyo vizuri kuliko sisi, hilo sitalipinga. Lakini Nairobi ukipanda matatu na mtoto na mizigo, mama usiyemjua atakuambia "nipe huyo mtoto nikushikie", na atashuka kabla yako bila hata kukuambia jina lake. Tokyo hutasikia hilo. Watu watasema mtoto ni "kawaii", anapendeza, watampungia mkono, wengine watakupisha kwenye lifti kwa heshima nyingi. Kumbeba, hapana. Si ubaya. Kwao kumgusa mtoto wa mwenyewe ni kuingilia. Lakini ifikapo Jumapili jioni, mikono inayouma ni yako na ya mwenzako peke yenu.

Tena usisahau umehamia nchi ambayo watoto wamekuwa adimu. Mwaka 1949 walizaliwa zaidi ya watoto milioni 2.6 Japani. Mwaka 2024 walizaliwa 686,061, mara ya kwanza idadi hiyo kushuka chini ya laki saba tangu waanze kuweka rekodi hizo. Utafika kiwanja cha mtaani Jumamosi asubuhi ukute bembea mbili, sanduku la mchanga, na mtoto wako peke yake. Kwingine watu wameshazoea ukimya. Mjini Nagano, mwaka 2022, iliibuka habari iliyozua mjadala nchi nzima: kiwanja cha kuchezea kingefungwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni malalamiko ya mkazi wa karibu kuhusu kelele za watoto. Wajapani wengi walikasirika. Kwa mzazi mgeni, habari kama hiyo inakufanya umwambie mtoto "shhh" mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ndiyo maana nasema chagua sehemu zako, kisha uzirudie. Mtoto wa miaka miwili hahitaji bustani mpya kila wikendi. Anahitaji ile ile aliyoizoea, ambapo mti ule una jina na bata wale wana hadithi. Majira yatakubadilishia somo bila gharama. Mwisho wa Machi sakura inachanua, mnaokota petali na kuzihesabu. Ikikaribia tarehe 5 Mei, sikukuu ya watoto, wanatundika samaki wa kitambaa juu ya milingoti, wakubwa kwa wadogo, na hapo unafundisha rangi. Vuli ikija watoto wote wanaokota donguri, mbegu za mwaloni, wanajaza mifukoni. Mwaloni wengi wetu tuliusoma kwenye Biblia tu, sasa mwanao anaushika. Mpe neno lake kabla hajajua la Kijapani peke yake.

Na Januari usikose barabara. Tarehe 2 na 3 kuna Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, zilizoanza mwaka 1920. Watu husimama kando ya njia bure kabisa, wakipepea vibendera vya karatasi. Tangu Joseph Otwori alipokimbia mbio hizo mwaka 1989 akiwa chuo cha Yamanashi Gakuin, Wakenya wamekuwa sehemu ya mbio zenyewe. Wengine walifika wakiwa bado shule za upili. Marehemu Samuel Wanjiru alienda Sendai mwaka 2002, na miaka sita baadaye akachukua dhahabu ya marathoni Beijing. Mvalishe mtoto koti zito, mweke mabegani, na Mkenya akipita pigeni kelele zote mlizozibana mwaka mzima: songa, songa, songa! Siku hiyo hakuna wa kukuambia unyamaze.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki ni bure pia. Mitaa mingi ya Japani ina vipaza sauti vya tahadhari ya majanga. Kila jioni, mara nyingi saa kumi na moja, vinapiga muziki kidogo, kujaribu mitambo na kuwaambia watoto warudi nyumbani. Majira ya baridi baadhi ya mitaa hupiga mapema kidogo. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, mwaka mzima. Muziki huo ukilia saa kumi na moja jioni kwenu, nyumbani ni saa tano asubuhi. Nyanya ameshakunywa chai, ng'ombe ameshakamuliwa, na simu ina chaji.

Kaa hapo hapo kwenye benchi la bustani, mpigie. Usimlazimishe mtoto kusalimia kama anakaririshwa, atasema "iya" na atakimbia. Mpe kitu mkononi, jani au donguri au kijiti, aonyeshe kwenye kamera. Nyanya atauliza, "Hiyo ni nini, mjukuu wangu?" Kama mmetembea vizuri tangu asubuhi, atakuwa na neno la kumjibu.