Jirani ni Dawa ya Kwanza



Usiku mmoja wa masika niliitwa wodi ya wazazi. Mlangoni nilikuta watu tisa wenye tope hadi magotini. Walikuwa wamembeba mama juu ya kitanda cha kamba, wakipokezana njia nzima, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na gari lisingeweza kuvuka. Mama alikuwa amejifungua jioni ile na damu haikukatika. Nikauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" Wakatazamana. Mzee mmoja akajibu, "Nesi, sisi ni majirani tu. Mume wake yuko machimboni."

Mama yule alipona. Daktari alimtibu, ni kweli. Lakini dawa ya kwanza aliipata kabla ya kufika kwetu, nayo ni mabega ya majirani.

Kwetu Usukumani jirani huitwa nzenganwa, neno linalotokana na kujenga. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kila mtu huacha jembe lake na kukimbilia huko. Ndivyo wazee wetu walivyoishi, na ndivyo Sungusungu walivyoitana walipoanza kupambana na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, katika miji ya dhahabu hali ikoje? Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa zimejaa watu waliotoka kila upande. Mtu hana shangazi wala mjomba pale. Hata hivyo, nimeona kijana aliyelazwa bila ndugu hata mmoja akiletewa uji kila asubuhi na mama lishe aliyekuwa akimuuzia chakula. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

Wema nao una elimu yake

Wapendwa, nimeona pia wema ulioleta madhara kwa sababu ya kutojua. Basi tukumbushane.

Mama aliyejifungua akitokwa damu nyingi, msiitishe kikao. Anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili. Pigeni simu namba 115, haina malipo. Huu ni mpango wa m-mama, ambao majaribio yake yalifanyika Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchini mwaka 2022. Pasipokuwa na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango. Unawahusu wajawazito, wazazi hadi siku 42 baada ya kujifungua, na watoto wachanga hadi siku 28. Wakati mnasubiri, mlazeni mama, mfunikeni apate joto, na mtoto anyonye.

Mtu aliyeanguka duarani asivutwe kwa mikono wala kukalishwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Huenda uti wa mgongo umevunjika, na mkimkunja mtampoozesha. Mlazeni juu ya ubao au mlango, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, mfungeni asiyumbe, ndipo mmbebe.

Mwenzenu akizimia ndani ya duara, msimfuate mbio. Mara nyingi ni hewa mbaya, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Familia mbili hulia badala ya moja. Iteni Zimamoto na viongozi wa machimbo, na ashuke tu mwenye vifaa na ujuzi.

Aliyekaa na njaa siku nyingi asishindiliwe ugali. Wengi wenu mnakumbuka habari za mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama. Mwezi Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa siku 41. Mtu wa namna hiyo mnapomtoa, moyo hutaka kumpikia jogoo siku hiyo hiyo. Tafadhali, msifanye hivyo. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Apelekwe hospitali, alishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Damu haichimbwi wala haitengenezwi kiwandani. Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Usingoje mgonjwa awe wa ukoo wako. Mama yule wa usiku wa masika aliongezewa damu ya mtu asiyemjua.

Nani amesahaulika?

Hapa nasema kwa uchungu. Sisi tunaosifiwa kwa umoja, mikoa yetu imejulikana pia kwa mauaji ya bibi vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na kwa kuwawinda ndugu zetu wenye ualbino. Yowe lile lile linaloita watu kuokoa linaweza kuita watu kuua.

Mimi nimeyaosha macho hayo. Ni macho ya mama aliyepulizia kuni mbichi, mabua ya pamba na samadi kavu miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mengine yana trakoma, ambayo ina dawa. Bibi huyo hahitaji mganga wa kupiga ramli. Anahitaji dirisha jikoni, maji ya kunawa uso, na mjukuu wa kumpeleka zahanati. Msamaria katika Injili hakumuuliza majeruhi kabila lake.

Kazi ya mwezi huu

Jumuiya yenu ndogo ndogo itakapokutana, chukueni karatasi moja. Andikeni: namba 115, jina la mwenye gari au bajaji anayekubali kuamshwa usiku, nyumba yenye kitanda imara cha kubebea mgonjwa, majina ya walio tayari kuchangia damu, wajawazito wote na miezi yao. Mwishoni andikeni jina la mtu mmoja anayeishi peke yake, ambaye hakuna aliyemtembelea tangu mwezi uliopita. Ibandikeni karatasi hiyo mahali pa wazi, kisha nendeni mkamsalimie huyo wa mwisho siku hiyo hiyo.

Tukija kupigiwa mwano usiku, tutakuwa tunajua la kufanya.

Nawatakia afya njema.

Muuguzi wenu