Pima Nyumba Kuanzia Getini pa Kazi

Jumapili jioni simu yangu haitulii. Mara nyingi anayepiga ni ndugu kutoka Kongo au Burundi, aliyeletwa Texas alipofika Marekani kama mkimbizi. Amekaa huko mwaka mmoja au miwili, kisha binamu yake aliyeko Iowa akamwambia kuwa kiwanda cha nyama kinaajiri na hakidai Kiingereza kingi. Kazi ameshaipata, anaanza baada ya wiki mbili. Kilichobaki ni pa kulala watoto. "Kaka, nimeona nyumba ya dola 850. Nilipe?"

Mimi humuuliza kwanza: ni umbali gani kutoka getini pa kiwanda?

Baba mmoja mwenye watoto watano alinijibu majuzi, "Karibu tu, maili 30." Kwa aliyezoea Texas, maili 30 si kitu. Mjini penyewe, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ilikuwa dola 1,150, kwa hiyo aliona ameokoa dola 300 kila mwezi. Nikamwomba achukue kalamu.

Maili 30 kwenda na 30 kurudi ni 60. Kwa siku 22 za kazi, ni maili 1,320 kwa mwezi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hutoa kila mwaka makadirio ya gharama ya kuendesha gari kikazi, na kwa mwaka 2025 yalikuwa senti 70 kwa maili. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini haimpunguzii mtu kodi, lakini makadirio hayo yanatufaa kwa sababu yamebeba kila kitu: petroli, oili, matairi, bima, na thamani ya gari inayoshuka. Jumla ilikuja dola 924.

"Hapana kaka, mimi naweka mafuta ya dola 40 tu kwa wiki." Ni kweli, na ndiyo maana hesabu hii huwaponyoka wengi. Mafuta unayalipa kwa mkono wako. Gari linalochakaa linanyamaza, mpaka siku giaboksi inapokufa. Basi tukaikata hesabu nusu, kwa kuwa bima angeilipa hata gari likilala uani. Bado zilibaki dola 462. Nyumba ya dola 850 ikawa ya 1,312, ghali kuliko ile ya mjini kwa dola 162.

Wengi wamesikia kwamba kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato. Kanuni hiyo ilitoka kwenye nyumba za umma: mwaka 1969 Bunge la Marekani liliweka kikomo cha asilimia 25, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Inasaidia, ila haioni barabara. Naipenda zaidi hesabu ya Center for Neighborhood Technology ya Chicago, inayojumlisha nyumba na usafiri na kusema viwili hivyo pamoja visizidi asilimia 45.

Tena barabara ya Iowa mwezi wa Januari ni theluji na barafu. Zamu ya pili inatoka usiku wa manane, na katika miji midogo usitegemee basi saa hizo. Wengi hupanda gari la mwenzao na kuchangia mafuta, jambo jema kabisa, lakini mwenye gari akibadilishiwa zamu, wanne wamekwama. Na viwanda vingi huhesabu pointi kwa kila siku uliyochelewa au kukosa. Pointi zikijaa, kazi imekwisha, na nyumba inafuata.

Kwa hiyo tukarudi kwenye ile ya mjini. Mwenye nyumba alitaka kipato kabla ya makato kiwe mara tatu ya kodi, sharti la kawaida nchini humu. Kwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mshahara wa mwezi ni kama dola 3,467. Mara tatu ya 1,150 ni 3,450. Alipita kwa dola 17! Hakuwa na hati ya mshahara kutoka kazi mpya, ila barua ya ajira yenye mshahara na tarehe ya kuanza ilikubaliwa. Iombe barua hiyo kabla hujaondoka ulipo. Na ukikataliwa kwa sababu ya ripoti ya mikopo, sheria inamlazimu mwenye nyumba akuarifu na akutajie kampuni iliyotoa ripoti. Una siku 60 za kuomba nakala bure, na makosa humo si haba, hasa kwa majina yetu yanayoandikwa kila mara kivyake.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa idadi yao. Wako saba. Wenye nyumba wengi hushika kipimo cha watu wawili kwa chumba cha kulala, kilichotokana na waraka wa mwaka 1991 wa Frank Keating, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa HUD, wizara ya nyumba. Wengi wetu wakisikia hivyo huinamisha kichwa na kuondoka. Msiondoke upesi. Waraka wenyewe unasema kipimo hicho kwa kawaida kinakubalika, lakini unataka pia ukubwa wa vyumba na umri wa watoto viangaliwe. Mtoto wa miezi minane si sawa na kijana wa miaka 16. Na tangu mwaka 1988, sheria ya haki katika makazi inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu tu ana watoto, isipokuwa mahali pachache, kama kwenye makazi yaliyotengwa kwa wazee. Baba huyu aliomba kwa adabu aonyeshwe kanuni ya idadi ya watu kwa maandishi, akaeleza kuwa wa mwisho bado ananyonya. Wakapata nyumba.

Huko Texas alikuwa amebakiza miezi mitano kwenye mkataba. Kupata kazi jimbo jingine hakuvunji mkataba, lakini sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba ajitahidi kumpata mpangaji mwingine, asikae tu akihesabu deni lako. Mwandikie barua yenye tarehe, piga picha kila chumba siku ya kutoka, na umpe anwani yako mpya kwa maandishi. Bila anwani hiyo halazimiki kukurudishia dipoziti, na zile siku 30 za sheria hazikusaidii. Huko Iowa dipoziti haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili, kwa hiyo anayedai mitatu anakosea.

Usilipe hata senti kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani yake. Nimeongea na mama aliyetuma dola 1,600 kwa simu, akaahidiwa funguo kwa posta, kumbe nyumba ile ina watu wake. Mtume binamu, afungue mlango, afungue bomba, awashe hita, nawe ukiangalia kwenye video.

Yapo na makaratasi ya kuhama. Asiye raia anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haikufuati kutoka Texas hadi Iowa, unaomba upya. Mwenye vocha ya nyumba anaweza kuhama nayo, lakini azungumze na ofisi yake kabla ya kufunga mizigo.

Wapo wanaotaka kununua mara moja. Nawaomba wangoje. Perry, mji wa Iowa wenye watu kama 8,000, ulikuwa na kiwanda cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Tyson. Juni 2024 kilifungwa, na watu wapatao 1,300 wakakosa kazi. Mpangaji anaweza kufuata kazi mji mwingine mkataba ukiisha. Mwenye mkopo wa nyumba itambidi kwanza atafute mnunuzi, katika mji ambao kila mtu anauza.

Yule baba sasa anakwenda kazini kwa miguu. Juzi aliniandikia swali jingine: gesi ya kupasha joto inalipwa na nani, na inafika ngapi wakati wa baridi? Nimemwambia asome mkataba tena, kisha amwombe mwenye nyumba bili ya Januari iliyopita.