Ngano Ilituvutia Macho, Mbolea Ikatuponyoka

Saa sita mchana, vibarua wanaoshusha mizigo Zone Industrielle, Bujumbura, hununua chapati kwa maharage. Urusi ilipoivamia Ukraini, Februari 24, 2022, hofu ya kwanza ilikuwa ya chapati, na si bila sababu. Nchi hizo mbili zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka duniani. Kati ya 2018 na 2020, Tanzania, ambako mizigo yetu mingi hupitia, ilizitegemea kwa asilimia 64 ya ngano iliyoagiza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asilimia 68. Makubaliano ya Istanbul ya Julai 2022 yalifungua tena bandari za Odesa, Ukraini, karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zikatoka, mpaka Urusi ilipojitoa Julai 2023.

Kwa maoni yangu, ngano tuliitazama kupita kiasi. Mrundi wa kijijini hashindii mkate. Anakula maharage, muhogo na mahindi, vyakula visivyoijua Bahari Nyeusi. Huko vita viliingilia mlango wa uani, kupitia mbolea.

Urea hutokana na gesi asilia. Gesi hutoa haidrojeni, nayo huunganishwa na nitrojeni ya hewani kupata amonia, ambayo ndiyo malighafi ya urea. Gesi ikipanda bei, mbolea hupanda nayo. Mwaka 2020 tani ya urea haikufika wastani wa dola 250. Aprili 2022 ilipita 900. Hiyo ni bei ya baharini tu. Hapo bado nauli ya lori kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Kobero, bado mazutu, iliyokuwa adimu Bujumbura mwaka huohuo, na bado dola zenyewe, ambazo benki hazina.

Tena mbolea haipigi kelele. Mkate ukipanda, mji mzima unajua wiki hiyohiyo. Mbolea iliyokosekana Septemba, wakulima wakipanda msimu A, hujitokeza kwenye gunia la maharage miezi baadaye, redio zikiwa zimeshaisahau Odesa.

Kiwanda cha mbolea cha FOMI, kilichoanza mwaka 2019, huchanganya samadi na chokaa ya humuhumu nchini na virutubisho kutoka nje. Ni hatua ya maana, ila nitrojeni bado inanunuliwa kwa dola. Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, urea ilikuwa inashuka bei duniani. Kwetu nafuu hiyo ikamezwa na faranga.